Wakwe Waliokuja Mmoja Mmoja

Lango nilipewa mimi. Kwetu sisi Wakamba, siku ya ntheo, yaani siku ya mbuzi wanaomfanya msichana ahesabiwe kuwa ameolewa, shangazi yake hufunga lango. Wageni husimama nje wakiimba, naye huwauliza kwa sauti ya kuwadharau: Ninyi ni akina nani? Mnatafuta nini hapa? Wakijibu, anawadharau tena, na mchezo unaendelea hivyo mpaka makoo yakauke ndipo wafunguliwe. Tumehamia Njiru, lango lenyewe ni la mabati na komeo lake linakwama, lakini jambo hilo hatukuliacha kijijini. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilikuwa na matusi ya heshima ya kutosha kuwatesa wageni wetu Waluhya mpaka mchana.

Ila wiki hiyo Njiru nzima haikuwa na utulivu, kwa sababu ya kile kindege.

Kilikuwa cha rangi ya majivu, kidogo, kikizunguka kutoka upande wa Ruai hadi kwenye machimbo ya mawe na kurudi. Mlio wake ulikuwa kama posho mill ya mbali inayosaga bila mahindi. Kwenye televisheni afisa mmoja mwenye kofia alitueleza kwamba ni ndege ya jeshi, haina rubani, wala hakuna mtu chini anayeiendesha. Inaona yenyewe na kuamua yenyewe. Akasema wananchi wasiwe na wasiwasi, kwa sasa haijabeba kitu chochote. Inajifunza tu.

Nadhani alitaka kututuliza, maskini. Neno hilo moja ndilo lililotuondolea usingizi.

"Inajifunza nini?" Wanja muuza mboga aliniuliza huku akikata sukuma. "Na inajifunzia kwa nani, kama si kwa mimi na wewe?"

Kila mtu akawa na lake. Vijana wa bodaboda waliipungia mikono, wengine wakaionyesha mambo ambayo sitayataja. Mwenye nyumba wa ng'ambo alipanda juu ya paa akachora msalaba mkubwa kwa rangi nyeupe. Kisha ikaja ile video. Sijui ilianzia wapi, lakini ilikuwa kwenye kila simu: nchi ya mbali, magari yamepambwa kwa riboni, yanafuatana polepole kwenye barabara ya vumbi kumpeleka bibi harusi, halafu moshi. Chini mtu ameandika kwamba mashine ilipoona magari yamepangana iliyadhania msafara wa vita. Basi akina mama wa kanisa letu wakaanza kusali katika vikundi vidogo vidogo, kila kikundi nyumba yake. Wengine wakasema inafuata simu, kwa hiyo wakawa wanazizima wakitoka nje. Mimi niliwacheka wote. Lakini nikienda kuanua nguo nilijikuta natembea nimebanana na ukuta, na nilikasirika sana nilipojigundua.

Sasa, ndugu yangu Ndete, baba wa bibi harusi, alikuwa ametoa siku moja tu zaidi. Ndete ni dereva wa lori, anabebea maghala ya Industrial Area, na ukaidi wake unajulikana hadi kwa mizani ya barabarani. Mke wake alifariki binti yao Mukai akiwa shule ya msingi, kwa hiyo mtoto huyo nimemlea mimi, nywele zake nimezisuka mimi. Amempenda Nabiswa, kijana wa Webuye anayefanya kazi katika kiwanda cha sabuni, na ukiwaona pamoja huwezi kuuliza swali. Lakini wakwe walikuwa wameshaahirisha mara moja. Walisema kuna msiba, kaka yake Nabiswa, dereva, amefia mpakani. Ajali.

"Ajali!" Ndete alisema wakati ule. "Madereva wanakufa kila siku na watu wanaendelea kuoa. Hawa wanatudharau." Akaapa kwamba wakikosa siku ya pili, Mukai asimletee tena habari za kwenda Webuye akiwa yeye yu hai. Na Ndete akiapa hurudi nyuma kwa shida kuliko lori lake.

Kwa hiyo siku hiyo Jumamosi nilikuwa na moyo juu juu tangu asubuhi. Tenti ilisimama, viti vya plastiki vikapangwa, muthokoi wa mahindi na maharagwe ukawa motoni. Mukai alikuwa chumbani amefunikwa leso, kama inavyotakiwa, na binti yangu Tiffany akawa mtu wa kupeleka habari ndani na nje.

Wageni walitarajiwa saa nne. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nikawa naenda langoni, nachungulia barabara, narudi, naonja chumvi ambayo nilishaionja.

"Mum, simu ya Nabiswa bado ni mteja, haipatikani," Tiffany alisema. "Mukai amejaribu hadi betri imeisha. Anauliza, kwani hao watu wako wapi?"

"Mwambie wako njiani."

"Hiyo ndiyo ulisema last time."

Si kwamba tulikosa watu. Wasaidizi walikuwa wengi kuliko nilivyozoea. Kwetu mtaani, ukiweka sufuria tatu kubwa nje, mikono inakuja yenyewe: wa kanisa, wa chama, jirani wa jirani. Mtu akiingia na kushika kisu huwezi kumuuliza ametoka wapi, utaonekana mchoyo. Siku hiyo walikuwa wakiingia mmoja mmoja, wamevaa nguo za kawaida, wanasalimia kwa sauti ndogo na kusimama kando. Mimi na watu waliosimama kando hatuelewani. Mwanamume mmoja mrefu nilimpa mitungi akateke maji. Mwingine mwenye ndevu za mvi nikamwonyesha kuni na shoka. Wanawake wawili niliwatuma kwenye vyombo. Wakaenda wote bila neno, na nikasema moyoni, afadhali Njiru bado ina watu wenye adabu.

Mama mmoja alinitoa jasho. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, amebeba mfuko wa karatasi aliouning'iniza kwenye kiti kama mtu aliyefika hospitali.

"Mimi ni Mama Kweyu," aliniambia.

"Karibu, Mama Kweyu. Viazi ni hivyo."

Akaketi, akamenya. Nilipopita nikaona maganda yake.

"Mama, unamenyea watu au mbuzi? Ganda limebeba nusu ya kiazi!"

"Samahani, dada," akasema, akaanza kumenya jembamba.

Lakini hakutulia. Wakija wanawake wawili watatu kuketi karibu naye, anainuka na kigoda chake anakwenda pengine. Nikimwita aje chini ya tenti anakataa, anajibanza chini ya paa la choo. Kila mlio wa kile kindege ulipokaribia, kisu chake kilisimama. Hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatutazama sisi, jinsi tulivyokaa.

"Mama Kweyu, utanizunguka hivi mpaka jioni? Kaa mahali pamoja!"

"Tumekuwa wengi hapa," akanijibu polepole.

"Ndiyo maana ya sherehe!" nikamwambia, nikaondoka nikitikisa kichwa. Nilijua tatizo lake, ni hizi video. Nikasema watu wa siku hizi wameharibiwa na simu.

Saa tisa Ndete alivua koti la suti. Nilimwona akilikunja na kuliweka juu ya meza, nikajua ameshakata shauri.

"Basi," akasema. "Ng'oeni tenti."

"Ndete, ngoja kidogo. Barabara ya Kangundo unaijua, labda..."

"Nthoki, naijua barabara kuliko wewe. Mtu anayetaka kufika hufika. Hawa wamezima simu. Mtu anazima simu siku ya ntheo? Hawakuja leo, hawatakuja tena." Akamgeukia yule mwanamume mrefu wa maji. "Wewe, kijana, anza na kamba ile."

Yule mwanamume hakusogea. "Mzee," akasema, "tungoje kidogo."

"Wewe ni nani wa kuniambia ningoje kwangu?"

Nikaona yule mwanamume amewatazama wale wanawake wa vyombo. Nao wakatazama chini. Nilihisi kuna jambo, lakini hasira za Ndete zilikuwa zimeshajaa uwanjani na hakukuwa na nafasi ya kufikiri.

Mukai akatoka chumbani. Haruhusiwi kutoka, lakini alitoka, leso begani, macho yamevimba.

"Baba, nakuomba. Mpaka jioni tu. Nabiswa hawezi kunifanyia hivi."

"Ameshakufanyia."

"Hujui! Labda kuna kitu kimempata!"

"Kuna kitu kimewapata kila mara, hawa watu!"

Mukai akaanza kulia kwa sauti, yule mtoto ambaye hata siku ya kumzika mama yake alilia kimya kimya. Sikuweza kuvumilia. Nilitaka kumpiga Ndete kwa mwiko wa muthokoi, na kama si watu ningempiga.

Tiffany alikuwa ameanza kupandanisha viti. Alipofika kwenye kiti chenye ule mfuko wa karatasi akauinua, mfuko ukachanika chini, na nguo ikaanguka vumbini. Gauni la kitenge, la bluu na maua ya machungwa, limepigwa pasi vizuri.

Kitenge kile tulikijua sote. Nabiswa alikuwa amemtumia Mukai picha yake mwezi uliopita: ndiyo sare ya akina mama wa upande wake, tukiwaona nayo tuwatambue.

"Mum," Tiffany akasema, "huyu mathe ni wa kwao."

Mama Kweyu alisimama, kisu bado mkononi. Kisha yule mrefu wa maji akasogea mbele. Yule wa ndevu akaweka shoka chini. Wanawake wa vyombo wakafuta mikono. Mwingine akainuka kwenye viti vya nyuma, ambaye nilimwita mvivu mara mbili kwa kusinzia. Uwanja mzima ukaanza kuchipua wakwe. Walikuwa wamejaa kwetu tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nimewatuma maji.

Nilitaka ardhi ipasuke. Mkwe wetu, mtu mzima! Nilimwambia anamenyea mbuzi!

"Mbona hamkusema?" nikauliza.

"Msemaji wetu ni ami yake Nabiswa, Nalianya," yule mrefu akajibu. "Kwetu mkwe hajitangazi mwenyewe. Tuliambiwa tuingie, tukae, tusiseme neno mpaka yeye afike. Yeye na Nabiswa wanakuja na mbuzi kwa miguu, kila mtu na njia yake, kupitia kule machimboni. Tuliposhuka kwenye basi tulizima simu tukagawana, tusionekane msafara."

"Mligawana!" Ndete alipaza sauti. "Mmeingia kwangu kama wapelelezi! Mmekunywa chai yangu mkinitazama! Mnaogopa kile kitu kinachojifunza huko juu? Watu wazima, mnaogopa video?"

"Si video," alisema Mama Kweyu.

Wenzake walimgeukia, kwa maana si yeye aliyestahili kusema. Akaendelea hivyo hivyo.

"Mtoto wangu wa kwanza ni Kweyu. Alikuwa dereva kama wewe. Malori yalikuwa yamepanga foleni huko ng'ambo ya mpaka, madereva wameshuka wanapika chai. Nabiswa aliwaambia ni ajali kwa sababu nilimkataza kusema. Nilikuwa sitaki kuona mtu akifikiria ilivyokuwa." Akaweka kisu chini, akaliokota gauni lake vumbini. "Tulipokwenda kuuliza, tuliambiwa ndege iliona foleni ikadhani ni kitu kingine. Nikauliza, nani alidhani? Nionyesheni huyo mtu, sitamtukana, nataka tu anione. Wakasema hakuna mtu, mama. Ilidhani yenyewe. Hata ilikuwa ya nani hawakujua kuniambia."

Kile kindege kilikuwa kinarudi kutoka Ruai. Safari hii hakuna aliyekicheka. Nilijikuta nawahesabu watu wetu, nani amekaa wapi, nani yuko karibu na nani, na nikaelewa kile ambacho yule mama alikuwa akifanya siku nzima na kigoda chake.

Ndete alikuwa ameketi. Yeye amepanga foleni kwenye mipaka maisha yake yote, amepika chai chini ya lori mara ambazo hazina idadi. Alitazama mikono yake. "Nilisema madereva wanakufa kila siku," akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu amzike mkewe. "Nisamehe, Mama Kweyu."

Wakati huo tukasikia mbuzi. Nabiswa alikuwa nje ya lango na beberu mmoja, suruali imejaa vumbi jeupe la machimbo, na dakika chache baadaye Nalianya akatokea upande wa pili wa ploti na mbuzi wawili, amevaa kofia ya mchunga mbuzi na makoti mawili. Mukai alipomwona Nabiswa kupitia upenyo wa mabati, alikimbilia chumbani kicheko na machozi vikiwa pamoja.

Basi tungeweza kuwafungulia tu, jambo likaisha. Lakini hiyo haingekuwa ntheo. Mbuzi lazima waingie na wakwe, wakwe waingie kwa wimbo, na mtu awaulize langoni. Ndete alilisema hilo kwa upole, karibu kwa aibu, lakini alilisema. Wakwe wakakubali, wanawake wakavaa vitenge vyao upesi nyuma ya nyumba, wakatoka nje kujipanga nyuma ya mbuzi kama desturi ilivyo.

Mama Kweyu alibaki katikati ya uwanja, gauni lake mikononi.

"Mimi kwenye mstari siendi," akasema. "Nisameheni. Miguu inakataa. Nendeni ninyi."

"Mama wa bwana harusi hawezi kubaki," Nalianya alisema kutoka nje. "Tukiingia bila wewe tumeingia na nini?"

Sasa Mama Kweyu alikuwa anatazama juu. Niliona siku yetu ikitoroka kwa mara ya pili, na mara hii hakukuwa na mtu wa kulaumu.

Ndete akainuka. Alichukua koti lake mezani, akalikunjua, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Akaenda langoni, akatoka nje, akaichukua kamba ya beberu mkononi mwa Nabiswa.

"Nthoki, toka," akaniita. "Tokeni wote. Wapishi pia. Hatupangi mstari wowote. Tutaingia tumechanganyika, na hicho kitu kikitaka kutazama kitutazame sote."

"Ndete, mwenye boma hatoki nje ili aingie na wakwe! Haijawahi kuonekana!"

"Itaonekana leo."

Niliacha mwiko. Nilimwendea Mama Kweyu, nikamvika lile gauni juu ya nguo zake, nikampangusa vumbi mgongoni, nikamshika mkono. Ulikuwa na baridi na unanuka viazi. Wanja alikuja, akina mama wa kanisa wakaja, yule mwenye nyumba wa ng'ambo akaja na rangi nyeupe bado kwenye kucha. Vijana wawili wa bodaboda wakazima pikipiki wakajiunga. Tulikuwa fungu moja la watu barabarani, huwezi kujua nani anaoa na nani anaolewa. Niliogopa. Nilikuwa naogopa tangu Jumatatu, ila sasa nilikuwa naogopa nikiwa nimeshika mkono wa mtu. Tukaanza kuimba, Kikamba chetu na Kibukusu cha wakwe kwa pamoja, vibaya sana.

Tulipofika langoni tulilikuta limefungwa. Tiffany alikuwa wa mwisho kutoka, na kwa mazoea alikuwa amevuta bati nyuma yake ili mbwa wasiingie kwenye nyama, na komeo likajiangusha kwa ndani. Tuligonga. Wimbo ukapungua, kisha ukanyamaza. Shangazi wa lango nilikuwa mimi, na nilikuwa nje. Uwanjani hakukuwa na mtu wa kuuliza wala wa kufungua. Juu yetu kile kindege kilizunguka, na mkono wa Mama Kweyu ukabana wangu mpaka mifupa ikauma.

Kisha tukasikia ndara kwenye changarawe ndani.

"Ninyi ni akina nani?" Ilikuwa sauti ya Mukai. "Mnatafuta nini hapa?"

Nalianya alikohoa ili ajibu, maana ndiyo kazi yake. Lakini Mama Kweyu aliniachia mkono, akasogea hadi mdomo wake ukakaribia bati, akaanza kututaja. Alimtaja Nalianya, akamtaja Nabiswa, yule mrefu wa maji, yule wa ndevu, wanawake wa vyombo. Akanigeukia akauliza jina langu, nikampa, akanitaja. Akamtaja Ndete. Akauliza na majina ya vijana wa bodaboda. Mwisho akamtaja Kweyu, akaeleza kwamba ni mtoto wake wa kwanza na alikuwa dereva, na Mukai hakugusa komeo mpaka alipomaliza.